Marehemu Aliyefanana na Roboti Wake

Isaac Asimov, mwandishi wa hadithi za kisayansi, aliingizwa jeshini Novemba 1, 1945, vita vikiwa vimekwisha, na aliyemponza ni yeye mwenyewe akiwa darasa la tatu. Mama yake, Anna Rachel, alipotaka mwanawe aanze shule ya Brooklyn kabla ya wakati, aliwaambia walimu kuwa kazaliwa Septemba 7, 1919. Mtoto alipokuja kujua, hakukubali. Alishikilia rejista isahihishwe, ikasahihishwa: Januari 2, 1920. Mwishoni mwa 1945 jeshi la Marekani lilikuwa halimchukui tena mtu aliyetimiza miaka 26. Kwa tarehe ya mama, Asimov alikuwa keshavuka. Kwa tarehe yake mwenyewe, alibakisha miezi miwili.

Kinachochekesha ni kwamba hata hiyo Januari 2 haikuwa na uhakika. Alizaliwa Petrovichi, kijiji cha Urusi, na siku yenyewe ingeweza kuwa yoyote kati ya Oktoba 4, 1919 na Januari 2, 1920. Familia ilichagua ya mwisho. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Karibu kila ukoo una mzee aliyezaliwa mwaka wa nzige ambaye karatasi zake zinasema Julai 1, kwa kuwa karani alidai tarehe na mzee hakuwa nayo. Tarehe hiyo ya karani ndiyo inayomstaafisha, na siku ya msiba ndiyo inayosomwa mbele ya waombolezaji.

Hata jina lilikuwa na mkono wa mtu. Judah Asimov, baba yake, hakuwa amezizoea herufi za Kilatini walipofika New York Februari 1923, akaandika s mahali palipostahili z, na ukoo mzima ukabaki hivyo. Kisha jirani akamshauri mama ambadilishie mtoto jina, maana Isaac lilinuka Uyahudi mno kwa nchi ile. Isaac akagoma kwa kelele. Huyu ndiye mtu aliyekuja kuandika, kwa zaidi ya miaka 40, kesi za viumbe ambao wengine ndio wenye kauli ya mwisho kama ni mtu au ni kitu.

Hadithi pekee aliyoiandika akiwa jeshini ni “Evidence”, iliyochapishwa Septemba 1946. Mwanasheria anayeitwa Stephen Byerley anagombea umeya. Mpinzani wake anaeneza habari kwamba Byerley ni roboti, na kweli hakuna aliyewahi kumwona akila wala akilala. Atathibitishaje kwamba ni binadamu? Kwa sheria za roboti za Asimov, roboti hawezi kumdhuru mtu. Siku ya mkutano, mtu anapanda jukwaani, anamchokoza Byerley, na Byerley anamtandika ngumi mbele ya umati. Kura zinammiminikia. Ila mtaalamu Susan Calvin anabaki na dukuduku: vipi kama aliyepigwa naye alikuwa roboti? Orson Welles, mwongozaji wa filamu, aliinunua haki ya hadithi hiyo kwa dola 250, na filamu haikutengenezwa kamwe.

Wakati huohuo karatasi zilikuwa zikimchezea mwandishi. Mwaka 1946 alipangwa kwenye kikosi kilichokuwa kinaelekea kwenye majaribio ya mabomu ya atomiki katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki. Posho ya familia yake ikakatwa kwa makosa ya kiofisi, na katika kuhangaikia kosa hilo akaondolewa kikosini siku chache kabla ya safari. Julai 26 aliachiwa rasmi, akiwa koplo. Rejista iliyompeleka jeshini na kosa la ofisi lililomwepusha na Bikini havikuwa na habari yoyote juu ya alivyokuwa mtu huyu ndani ya nafsi yake.

Kwa upande wa kichwa, Mungu alimjalia. Asimov alikuwa na kumbukumbu ya kutisha, na alijisifia nayo bila haya. Baba yake alikuwa na duka dogo Brooklyn la peremende, soda, sigara na magazeti, ambalo lilifunguliwa alfajiri na kufungwa usiku wa manane, na watoto walikuwa ndio wafanyakazi. Kwenye rafu kulikuwa na majarida ya hadithi za bei poa ambayo mzee aliyaita takataka na kumkataza mwanawe kuyagusa. Mwaka 1929 likaja jarida liitwalo Science Wonder Stories. Kijana akamwonyesha baba neno la kwanza la jalada, yaani sayansi, na mzee akaridhika kwamba hilo ni elimu. Sharti lilikuwa moja: gazeti ni la kuuza, kwa hiyo lisomwe bila kukunjwa na lirudi rafuni kama lilivyotoka kiwandani. Alilosoma lilibaki kichwani tu.

Na bado hakukiamini kichwa hicho peke yake. Kuanzia Januari 1, 1938 aliandika shajara kila siku, na shajara hiyo ndiyo uti wa mgongo wa tawasifu yake ya kwanza, In Memory Yet Green ya 1979 na In Joy Still Felt ya 1980, vitabu viwili vinene vyenye jumla ya kurasa zaidi ya 1,000. Ukivisoma unakutana na mtu anayejipekua kama kachero anavyopekua nyumba ya mtuhumiwa: siku gani alipeleka hadithi, nani aliikataa, alilipwa senti ngapi kwa neno.

Lakini katika jambo moja kubwa la maisha yake, shajara haikuweza kumaliza ubishi. Sheria tatu za roboti zilimpa jina duniani kote. Ya kwanza inamkataza roboti kumdhuru binadamu, au kukaa kimya akimwona anadhurika. Ya pili inamtaka atii amri isipokuwa inapokiuka ya kwanza. Ya tatu inamtaka ajilinde isipokuwa pale atakapovunja hizo mbili. Kwa mujibu wa Asimov, aliyezitamka ni John W. Campbell, mhariri wa jarida la Astounding, katika mazungumzo yao ya Desemba 23, 1940. Campbell alikataa kata kata. Yeye alisema alichofanya ni kuzichomoa tu kutoka ndani ya hadithi ambazo Asimov alikuwa tayari anaziandika. Watu wawili, chumba kimoja, tarehe inajulikana mpaka siku, na kila mmoja anamsukumia mwenzake sifa! Kwa kawaida watu hugombana kwa kuivutia sifa kwao.

Campbell huyohuyo alikuwa akiamini kwamba hadithi ya upelelezi na hadithi ya kisayansi hazikai chungu kimoja. Hoja yake ilieleweka: mwandishi akibanwa atamtolea mpelelezi mtambo wa ajabu mfukoni, na msomaji atajiona katapeliwa. Asimov alitaka kumwonyesha kwamba inawezekana, mradi mitambo yote iwekwe mezani mapema. Nafasi ilitoka kwa mhariri mwingine, Horace Gold wa jarida la Galaxy, aliyemshauri aandike juu ya dunia iliyofurika watu, roboti wakiwanyang'anya kazi, na mpelelezi anayelazimishwa kufanya kazi na roboti akijua kwamba mwenzake akimshinda, kibarua kimeota nyasi. Ndivyo ilivyozaliwa The Caves of Steel, iliyotoka kwa mfululizo katika Galaxy kuanzia Oktoba 1953 na kuwa kitabu mwaka 1954.

Hapa inafaa kutua, maana kesi yenyewe ni ya aina yake.

Binadamu wa dunia wamejifungia ndani ya miji mikubwa iliyoezekwa, wasione jua wala mvua. Wengi wakitoka nje wanaingiwa na hofu. (Asimov mwenyewe alipenda mahali palipofungwa, katika kumbukumbu zake anasimulia alivyotamani awe na kibanda cha magazeti ndani ya stesheni ya treni za chini ya ardhi, ajifungie humo asome huku treni zikinguruma.) Nje ya New York kuna makazi ya watu wa sayari za mbali, matajiri wenye roboti na teknolojia. Mmoja wao, Dk. Sarton, ameuawa kwa silaha ya miale. Mpelelezi Elijah Baley anapewa kesi pamoja na R. Daneel Olivaw, roboti ambaye kwa sura hawezi kutofautishwa na mtu. Tena si mtu yeyote. Aliyemuunda ni Sarton, na alimpa sura yake mwenyewe. Mpelelezi anatembea na uso wa marehemu.

Baley anakosea, na anakosea hadharani. Kwanza anadai mbele ya wakubwa kwamba hakuna mauaji, kwamba Daneel ndiye Sarton mwenyewe amejifanya roboti. Daneel anafungua mkono wake kama mtu anavyofungua kasha, na ndani mna chuma. Baadaye Baley anamtuhumu Daneel kuwa ndiye muuaji. Mtaalamu anaitwa kutoka Washington, anamkagua, na kumkuta ana Sheria ya Kwanza kama kawaida.

Muuaji ni Kamishna Julius Enderby, bosi wa Baley. Na namna alivyoponyoka kwa muda wote huo ndiyo sehemu ambayo mwandishi wa kawaida asingeifikia. Daneel ana uwezo wa kupima ubongo wa mtu na kujua anaweza kutenda nini. Alimpima Kamishna, kipimo kikasema: huyu hana uwezo wa kuua mtu kwa kukusudia. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa. Enderby hakukusudia kuua mtu. Alikwenda kumharibu Daneel, roboti anayemchukia kwa kile anachokiwakilisha. Kwa kihoro miwani ikamtoka na kuvunjika, na alipofunguliwa mlango akaona uso uleule bila kuuona vizuri. Akafyatua. Sarton alikufa kwa sababu alifanana na kazi ya mikono yake.

Vipande vya miwani vilikuwa mlangoni siku zote, vimenaswa kwenye filamu iliyopigwa eneo la tukio. Ushahidi ulihifadhiwa tangu dakika ya kwanza. Daneel, asiyesahau kitu, hakuweza kuutumia kwa kuwa alikuwa ameuliza kama Kamishna anaweza kumuua binadamu, akajibiwa hapana, akaendelea na mengine. Baley anayesahau, anayechoka, anayempiga chenga mkewe kwa mambo ya kazini, ndiye aliyejua kwamba bosi wake bado anavaa miwani ya kizamani kwa kuipenda, na kwamba mtu anayependa sana mambo ya zamani anaweza kuchukia sana mambo mapya.

Watu wengi leo wanapojadili akili mnemba huchanganya kuhifadhi na kujua. Mashine iliyosomeshwa maandishi ya nusu ya dunia ina mengi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi. Kinachopungua ni shaka kuhusu swali lenyewe. Asimov aliliona hilo mwaka 1953, wakati kompyuta zilikuwa zinajaza vyumba vizima.

Riwaya iliyofuata ya Baley, The Naked Sun ya 1957, inaendeleza kesi upande wa pili. Katika sayari ya Solaria wanaishi watu 20,000 tu, kila mmoja kwa wastani akiwa na roboti 10,000. Mtu anauawa. Roboti aliyekuwepo alishuhudia binadamu akidhurika, na ubongo wake ukaharibika kwa kushindwa kumwokoa. Hafai tena kutoa ushahidi. Baley anagundua vilevile kwamba roboti, pamoja na sheria zote, anaweza kutumika kuua mradi asijue. Mmoja anaambiwa atie dawa kwenye kinywaji, halafu mwingine anaambiwa ampelekee mtu kile kinywaji. Hakuna hata mmoja aliyevunja sheria.

Kukigawa kitendo vipande mpaka kila mtendaji asione kitu kizima si jambo la riwaya pekee. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya, chini ya kampuni iliyopewa kandarasi na OpenAI, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na udhalilishaji wa kingono, ili mashine ifundishwe kuyaepuka. Msomi wa London akiisifu programu kwa adabu yake, anasifia kwa sehemu kazi ya kijana wa Nairobi aliyetoka kazini na picha mbaya kichwani. Kumbukumbu hizo mashine haikuzibeba. Alizibeba kijana.

Swali la kujitambua Asimov alilikaribia kwa uangalifu, na huo ndio ustadi wake. Hakuna mahali Daneel anatangaza kwamba anajihisi yu hai. Katika The Caves of Steel anaulizwa haki ni nini, anajibu kama askari mpya: ni kutekelezwa kwa sheria zote. Baley anamsimulia kisa cha Injili ya Yohana, cha mwanamke aliyefumaniwa na watu waliotaka kumpiga mawe. Mwisho wa kitabu, mbele ya Kamishna aliyevunjika moyo, Daneel anasema kitu kinachotoka katika kisa hicho. Je, alielewa msamaha, au alirudia tu maneno yaliyofaa kwa wakati wake? Kitabu hakijibu, na afadhali hakijibu. Mtu akitusamehe, nasi hatuna njia ya kumfungua mkono tuone ndani.

Wenye haraka ya kujibu wapo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitangaza ELIZA, programu nyepesi iliyogeuza maneno ya mtu kuwa maswali. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu ya LaMDA inajitambua, baada ya kuiona ikieleza hofu ya kuzimwa. Kampuni ilikanusha na kumfukuza kazi. Yote mawili yanatufunza zaidi juu ya katibu na mhandisi kuliko juu ya mashine. Baley angemuuliza Lemoine alichokuwa anatafuta kabla ya kukipata.

Asimov alirudi kwa Daneel mwaka 1983 na The Robots of Dawn. Safari hii aliyeuawa ni roboti, Jander, na watu wa sayari ya Aurora wanabishana kama hayo ni mauaji au ni uharibifu wa mali. Kisha katika Foundation and Earth ya 1986 Daneel anatokea tena, baada ya miaka karibu 20,000. Kila kiungo chake kimebadilishwa, pamoja na ubongo, zaidi ya mara moja. Kila mara kumbukumbu zimehamishiwa kwenye ubongo mpya, mpaka zimekuwa nyingi kiasi kwamba hakuna ubongo mwingine wa kuzibeba. Mengi katika kitabu hicho yanachosha, tukubali. Lakini picha ya mpelelezi anayekaribia kuuawa na wingi wa kumbukumbu zake ilichorwa na mtu wa miaka 66 ambaye kwa karibu nusu karne hakuruka siku katika shajara.

Na mtu huyohuyo alikuja kuficha kitu. Desemba 1983 alifanyiwa upasuaji wa moyo na kuwekewa damu. Damu ile ilikuwa na virusi vya UKIMWI. Alipogundulika miaka kadhaa baadaye alitaka kusema wazi. Madaktari wake walimshauri anyamaze, kwa kuhofia unyanyapaa ambao ungewafikia na jamaa zake. Kitabu chake cha mwisho cha kumbukumbu, I. Asimov, alichokiandika mwaka 1990 akijua hali yake, hakina neno hata moja juu ya hilo. Alifariki Aprili 6, 1992. Habari zilitaja moyo na figo. Siku mbili baadaye mchezaji tenisi Arthur Ashe alitangaza kwamba naye aliambukizwa kwa kuongezewa damu. Mke wa Asimov, Janet, alikaa na siri hiyo miaka kumi, akaiandika mwaka 2002 katika It's Been a Good Life.

Kwa hiyo maelfu ya kurasa, shajara tangu 1938 na kichwa kisichosahau viliacha pengo ambalo lilizibwa na mjane. Waliomsoma kati ya 1992 na 2002 walimjua mtu mwingine kidogo, na hawakuwa wamedanganywa hata tarehe moja.

Wengi wetu tulimjua kupitia filamu ya 2004, Will Smith akiwa askari anayechunguza kifo cha mwanasayansi, mtuhumiwa akiwa roboti. Filamu hiyo inaitwa I, Robot kama kitabu cha Asimov cha 1950, lakini ilianza kama mswada wa Jeff Vintar ulioitwa Hardwired, usiohusiana na Asimov. Jina lilibandikwa baadaye. Na kitabu chenyewe nacho kilibandikwa jina. Mchapishaji alilichukua jina hilo, Asimov akipinga, kutoka kwenye hadithi ya 1939 ya Eando Binder.

Anayetaka kuanza, basi, aiweke filamu pembeni na aanze na The Caves of Steel. Haifiki kurasa 300, na haihitaji ujuzi wowote wa sayansi. Afike pale Baley anapomtuhumu Daneel kwa mara ya kwanza, afunge kitabu, na, akijisahaulisha yaliyofichuliwa hapa, aandike kwenye karatasi anadhani nani kaua na kwa nini, kabla ya kuendelea.